Mshono wa Gari la Kwaya

Miritini,
14 Januari 2025

Kwa Mjomba Tsuma,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinilea, si kwa sababu imenitoka moyoni. Huku sote tu wazima. Bibi wa Rabai bado anatafuna kwa meno yake mwenyewe na bado anauliza mwanawe atarudi lini. Sisi tunamwambia umekwenda kazi Bara. Mvua ya vuli ilituangushia choo, tumejenga kingine. Mimi nimerudi kutoka Saudia tangu Oktoba, miaka mitano ya kufua mashuka ya watu imenitosha. Ukijibu, pitishia sanduku la posta la kanisa. Simu najua huna, na hata ungekuwa nayo, sauti yako sitaki kuisikia.

Sasa neno lenyewe. Nimeanza kujifunza kazi ya bodi. Ndiyo, kunyoosha magari yaliyogongwa, mimi Nyamvula wa Ruth, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, na gereji niliyoingia ni ile ile yako. Mzee Mbarak, aliyekuwa mpiga rangi wako, ndiye mwenye mahali sasa. Nilipokwenda kumwomba anifunze aliniuliza kama Mombasa nzima hakuna gereji nyingine. Nikamwambia nataka hapa. Nyundo yako ya mpini wa mkwaju ninayo mkononi. Jina lako lililokuwa langoni nililisugua mimi mwenyewe kwa msasa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza, na niliifanya kwa furaha.

Nataka uyajue hayo ukiwa umelala huko. Uliunga gari la kwaya, kichwa cha hili na mkia wa lile, likakatika vipande viwili mteremko wa Mazeras. Mama yangu, dada yako wa tumbo moja, akafa na wenzake watatu. Mimi niko Riyadh, tajiri wangu kaninyima ruhusa, nikamzika mama yangu kwenye kioo cha simu. Mchungaji amenifikishia ombi lako: kwamba mwezi wa Novemba kuna kikao cha msamaha wa wafungwa kinachotaka sahihi za waliofiwa, na kwamba familia zile tatu zimesema zitamfuata mtoto wa Ruth, akisamehe nazo zitasamehe. Mtoto wa Ruth ni mimi peke yangu. Sitii sahihi.

Ni mimi,
Nyamvula


Gerezani,
9 Februari 2025

Mpwa wangu Nyamvula,

Marahaba, hata kama ni ya adabu tu. Nimefurahi kusikia Bibi anatafuna, maana mimi mwanawe jino moja limeng'oka lenyewe nikila githeri ya huku, mahindi na maharage yasiyoiva. Mengine ni goti la kulia, ambalo baridi ya Bara hailipendi. Nawasalimu wote, na Mzee Mbarak umwambie nimemsamehe kwa kukupokea.

Umeniandikia ili uniumize, na umeniumiza. Hilo limekwisha, tuendelee.

Nyundo ile si ya mwanagenzi. Na Mbarak ni bingwa wa rangi, lakini kuhusu bati hana analojua kumshinda mbuzi. Akikwambia upige katikati ya bonde, usimsikize. Bonde la bati huanzwa ukingoni, unalizunguka polepole ukiingia ndani. Ukilipiga katikati bati linatanuka, na likishatanuka halirudi. Usiamini macho, macho hudanganywa na rangi. Yafumbe, upitishe kiganja. Malengelenge yatakutoka, usiyapasue. Mwanamke wa kunyoosha bodi sijapata kumwona, lakini pia sikupata kuona mtu akisugua jina la mjomba wake kwa furaha, kwa hiyo huenda ukaweza.

Kuhusu sahihi. Nimebakisha miaka minne. Siombi kwa kuwa sina kosa. Naomba kwa kuwa mama yangu ana miaka themanini na sita, na nataka kumwona, na Mungu akimtaka nimzike kwa mikono yangu. Wewe unajua kukosa maziko kulivyo. Sina zaidi.

Mjomba wako,
Tsuma


Miritini,
3 Machi 2025

Kwa Mjomba Tsuma,

Shikamoo. Bibi mzima, anakusalimu huko kazini kwako. Joto la mwaka huu limekausha hata kisima cha msikitini, tunanunua maji ya mikokoteni. Binti wa jirani ameolewa Port Reitz, tulicheza mpaka viatu vikakatika.

Malengelenge yalitoka kweli. Sikuyapasua. Mlango wa teksi niliuanza ukingoni nikauzunguka, Mbarak akashangaa nimefunzwa na nani. Nikamwambia nimebuni mwenyewe. Usidhani nakushukuru.

Juzi Mbarak amenifunza sheria ya chaki. Mshono ukishachomelewa wote, nje na ndani, aliyechomelea mwenyewe anauchorea mstari mweupe wa chaki. Usipokuwa na chaki, mtu wa fila, ule uji mzito wa kusawazishia bati, haugusi, kwa kuwa fila ikishapita juu hakuna binadamu wa kujua chini yake kuna nini. Mwengine yeyote haruhusiwi kuchora. Anasema sheria hiyo uliileta wewe, na kwamba uliwahi kumfukuza mtu kwa kuchezea chaki.

Basi nieleze. Mahakamani ilisemwa kwamba mshono wa gari la kwaya ulikuwa umeshikizwa tu, nukta hapa nukta pale, ndipo fila ikapakwa juu. Fundi gani anashikiza kisha anachora chaki kana kwamba amemaliza? Ulilewa? Ulikuwa na haraka ya wapi? Nataka kujua mama alikufa kwa uzembe wa aina gani.

Nyamvula


Gerezani,
30 Machi 2025

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mzima. Wameniweka karakana ya vitanda vya chuma, angalau napata moshi niliouzoea. Muulizeni Bibi kama bado anakunywa ile dawa ya presha asubuhi, hupenda kuificha chini ya mkeka.

Chaki nilichora mimi. Nilimwambia hakimu hivyo, akaandika, akanifunga. Usiniulize tena jambo hilo. Uliza habari za bati nitakujibu.

Tsuma


Miritini,
22 Mei 2025

Kwa Mjomba Tsuma,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu ya masika. Gereji ilijaa maji mpaka tukainua mashine kwa matofali. Dawa ya Bibi tuliikuta chini ya mkeka, vidonge vya wiki mbili. Sasa namsimamia mimi mpaka ameze.

Pasaka nilikwenda Bamba, kwa wale jamaa zetu waliofiwa na Mzee Kaviha wiki ile ile ya ajali. Mwanawe alinionyesha picha za matanga kwenye simu yake. Jumatano jioni uko pale, umebeba viti. Alhamisi uko pale, unakata kuni. Ijumaa uko pale, umeshika sepetu kaburini. Picha zina tarehe. Gari la kwaya lilipakwa fila Ijumaa asubuhi, Miritini, na Jumatano mchana Mbarak alikuona ukifunga mashine bila kuchora kitu, ila alidhani ulirudi. Hukurudi. Mtu hawi Bamba akachora chaki Miritini. Umemdanganya hakimu, na unanidanganya mimi.

Aliyepaka fila ni Chrispine, na bado yuko hapa, anakohoa na kuchekacheka. Ni yeye tu aliyekuwa na haja ya chaki, ili amalize kazi aende zake. Nimekwisha kumhukumu. Kitambaa chake cha kufungia pua nimekitupa, avute vumbi la fila kama mama alivyovuta la Mazeras. Juzi nilimzidishia dawa ya kukazia kwenye fila yake, ikamgandia mkononi kabla hajaipaka, mwenye gari akamtukana mbele ya watu. Kifua chake ni kibovu. Najua. Na wewe unamficha kwa nini? Alikuwa nani kwako kuliko mama?

Nyamvula


Gerezani,
10 Juni 2025

Nyamvula,

Salamu kwa Bibi. Kwako wewe sina za kukupa leo.

Mwache Chrispine. Aliona chaki akapaka fila, ndivyo nilivyomfunza mimi, na angepaka mtu yeyote. Ana mke na watoto na kifua hicho unachokicheka alikipata katika gereji yangu. Hajachora kitu. Nakuapia kwa jina la mama yangu.

Nani alichora, sitasema. Barua hizi zinafunguliwa ofisini kabla ya kutoka, na hata zisingefunguliwa nisingesema. Mimi nimefungwa tayari, mtu hafungwi mara mbili kwa kosa moja. Na nikwambie la kweli ingawa hutalipenda: wewe si fundi unayetafuta haki. Wewe ni mwanamke uliyekosa maziko ya mama yako, na unatafuta wa kumlipisha. Nilidhani ukinipata mimi utatosheka.

Tsuma


Miritini,
2 Julai 2025

Kwa Mjomba Tsuma,

Shikamoo. Bibi amekuwa mnyonge kidogo, anakula uji tu. Ya gereji ni mazuri. Nimenyoosha boneti nzima peke yangu na Mbarak amesema wallahi hakuona alama ya nyundo.

Kiapo chako nilikisoma. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilisimama nikawaambia wote. Niliwaonyesha picha za Bamba. Nikawaambia Tsuma hakuwako, na chaki ikachorwa, na aliyefaidika na chaki yuko pale gerejini anapokea mshahara. Margaret wa kwaya, aliyetoka mle garini na mguu mmoja, alilia kwa sauti. Familia zile tatu zilikuwa zimekaa mstari wa mbele. Sikuwatuma vijana waende nyumbani kwa Chrispine, wala sikuwazuia. Walimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, ule wa kupakia fila. Asubuhi yake aliwapakia mke na watoto kwenye tuktuk wakakimbilia Mariakani.

Sasa wewe huku umeanza kupata jina zuri. Watu wanasema huenda ulibeba mzigo wa mwengine. Jumatatu ya tarehe 28 nakwenda polisi kuandikisha habari za Chrispine. Kama una neno, lilete kabla ya siku hiyo.

Nyamvula


Gerezani,
19 Julai 2025

Mpwa wangu Nyamvula,

Anayekuletea barua hii nililala naye chumba kimoja miaka miwili, na leo ametoka. Haikupitia ofisini. Ukishaisoma ichome.

Umemvunja vidole mtu ambaye hakukukosea. Umeyataka mwenyewe, basi yapokee.

Jumatano ile nilishikiza mshono nukta kumi na sita, simu ikaja kwamba Mzee Kaviha amefariki. Nikafunga mashine nikaenda Bamba. Sikuchora chaki, kwa kuwa kazi haikuisha. Mama yako miaka sita alikuwa akituuzia chai na viazi karai pale gerejini, na sheria ya chaki aliijua kama sisi. Ni yeye aliyewaahidi wenzake wa kwaya kwamba Jumamosi gari litawapeleka Kaloleni, maana fundi ni kaka yake, na wenzake walikuwa wameshaanza kumsuta. Alhamisi alipokwenda kukusanya vikombe aliona mshono hauna chaki. Alikuwa ameniona kwa macho yake nikichomelea. Akadhani nimesahau, nimekimbilia msibani kichwa kimevurugika. Akachukua chaki kwenye sanduku langu akachora.

Ijumaa asubuhi alinipigia simu, anacheka. Akaniambia, "Tsuma we, nimekuchorea chaki yako, la sivyo kwaya ingekwenda kwa miguu."

Hapo ndipo ningesema. Nilijua pale pale kwamba chini ya fila hamna kitu. Lakini nilikuwa nimezungukwa na wazee na wakwe, kata ya pombe ya mnazi iko mbele yangu, nikaona haya kumkaripia dada yangu mbele ya watu. Nikajiambia kwamba Jumamosi wataondoka saa tatu asubuhi, mimi nitafika saa moja, nitaipasua fila nichomelee sawasawa, na hakuna atakayejua. Nikamjibu, "Haya, ahsante." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mama yako. Kisha nikanywa, nikalala. Wakaondoka saa kumi na mbili alfajiri.

Kwa hiyo hakimu hakunionea. Nilichomdanganya ni chaki tu. Ningesema ni Ruth, watoto wa wale watatu wangemlaani maiti kila Jumapili, na wewe ungerudi kutoka Uarabuni kuja kuishi katikati yao. Nilikufikiria na wewe vilevile.

Usiende polisi. Mrudishe Chrispine, umwombe radhi mbele ya watu, uwaambie ulikosea, na usiseme zaidi. Sahihi yako ni yako. Nataka kumwona mama yangu. Sitaficha kwamba nalitaka hilo usiku na mchana.

Mjomba wako,
Tsuma


Miritini,
6 Oktoba 2025

Kwa Mjomba Tsuma,

Shikamoo. Huku hatuna salama ya kukupa. Bibi tulimzika Rabai tarehe 9 Septemba. Hakuumwa sana. Siku tatu za mwisho aliuliza habari zako kila alipofumbua macho, tukamwambia umeshapanda basi, uko njiani. Niliifua mwenyewe nguo yake ya kaniki na nikamfunga kidevu. Watu walikuwa wengi na mvua haikunyesha. Ningeweza kukuarifu mapema kupitia kwa mchungaji. Sikutaka.

Barua yako ya mwisho niliipata tarehe 24 Julai. Niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya moto wa gesi pale gerejini mpaka hata jivu likapeperuka. Kwa kuwa hii ya leo itafunguliwa ofisini, sitamtaja uliyemtaja. Wewe unamjua na mimi namjua, na tumebaki wawili.

Polisi sikwenda. Chrispine hajarudi, na sijamwita. Vidole vimeunga vibaya, nasikia anasukuma mkokoteni wa maji huko Mariakani. Mkewe nilimwona sokoni Mazeras mwezi wa Agosti, amesimama kwenye fungu la nyanya. Alinisalimu. Nikaitikia, nikainamisha kichwa nikapita. Ningemwambia nini? Nikisema si mumewe, nitaulizwa basi ni nani, na mimi si hodari wa kunyamaza kama wewe.

Jumatano iliyopita mchungaji aliniletea karatasi ya msamaha. Familia zote tatu zilikuja, zikajaa sebuleni, Margaret akakaa karibu yangu na mkongojo wake mapajani. Wote walikuwa tayari. Tangu habari za Chrispine mioyo yao imelegea juu yako. Kalamu alikuwa nayo Margaret, akanipa, akaniambia, "Wewe tia, nasi twatia. Twataka jambo moja tu. Akitoka asimame kanisani, atwambie kwa kinywa chake ni Chrispine."

Niliishika kalamu ile muda mrefu, Mjomba. Nilikuona umesimama mbele yao na goti lako bovu. Hungesema ni Chrispine. Uliniapia kwa jina la Bibi alipokuwa hai, hutamzulia mtu uongo baada ya yeye kuzikwa. Wangekubana, Margaret angelia, na wewe mwanamke huwezi kumkatalia mbele ya watu. Kama ungeweza, gari lisingeondoka siku ile. Ungesema jina tunalolijua sisi wawili. Si mwezi wa kwanza, labda, lakini ungelisema.

Nikairudisha kalamu. Niliwaambia moyo wangu bado. Hakuna aliyenilaumu. Walinishika mkono mmoja mmoja, wakasema hakuna mtoto anayempenda mama yake kama mimi, na mchungaji akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Kikao cha Novemba kitapita bila wewe. Hakuna mwengine atakayetia sahihi, kwa hiyo usimngoje.

Utasema nimekuwa mkatili kuliko hakimu. Ni kweli. Hakimu hakujua. Mimi najua, na nimekuacha humo kwa akili zangu timamu. Ulijichagulia mzigo huo mwenyewe kabla sijarudi, nami nimeona umekukaa sawasawa. Chrispine hakujichagulia wake, na huo ndio unaoninyima usingizi, si wako.

Kila Jumamosi kina mama wa kwaya wanakwenda kumpalilia mama kaburi lake. Wanapanda maua, wanachota maji mbali, Margaret anaketi kwenye ndoo akiwaelekeza. Wanakulaani wewe kidogo, wanamlaani Chrispine sana, kisha wanafuta mikono na kumwimbia mama nyimbo tatu alizozipenda. Mimi huwa nasimama nyuma yao nikiitikia. Nataka iendelee hivyo mpaka wazeeke.

Kaa huko umalize miaka yako. Sabuni na dawa ya goti nitakutumia kila mwezi, sitakosa.

Mpwa wako,
Nyamvula